Anza na Tundu la Kamera: Mhadhara Kuhusu Monita na Rekoda za Nje

Asanteni kwa kufika, na asanteni zaidi ninyi mliokuja na kamera zenu. Ziwekeni mezani, tutazihitaji. Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa monita ya nje yenye rekoda, kile kioo cha inchi tano au saba kinachofungwa juu ya kamera, kikaonyesha picha na papo hapo kikairekodi. Neno langu nalitoa mapema, mwenye haraka aondoke nalo: uchaguzi huu hauanzii kwenye kioo. Unaanzia kwenye tundu la kutolea picha la kamera yako, liwe la HDMI au la SDI, lile la kamera za kitaalamu. Tundu hilo linatoa nini? Asiyejua jibu hajawa tayari kununua, hata kama fedha anazo. Na wengi wakishalijua, hugundua kwamba wanachohitaji ni monita tu.

Tutazame kwanza rekoda ilizaliwa na shida gani. Mwaka 2014 Sony walitoa A7S, kamera iliyosifika kwa kuona gizani, lakini ndani yake haikuweza kurekodi 4K, yaani video ya nukta 3840 kwa 2160, hata sekunde moja. 4K ilipita kwenye HDMI tu, kwa hiyo aliyeitaka alifunga rekoda. Mwaka huohuo Panasonic GH4 iliweza kuandika 4K kwenye kadi yake, ila kwa biti 8 na rangi za 4:2:0, ilhali tunduni ilitoa biti 10 na 4:2:2. Nikon Z6 ya mwaka 2018 ilifanya hivyohivyo: picha yake bapa ya N-Log ya biti 10 ilitoka nje, kadini haikuingia. Ongeza ile dakika 29 na sekunde 59. Kamera nyingi za picha zilikatisha kurekodi hapo, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulizihesabu kamera zinazorekodi nusu saa na zaidi kuwa kamera za video na kuzitoza ushuru zaidi. Rekoda ya nje haikuwa na habari na ushuru. Iliendelea mpaka diski ijae.

Hizo nambari zina uzito gani? Biti 8 ni viwango 256 kwa kila rangi, biti 10 ni viwango 1024. Piga picha ya anga linalofifia kutoka bluu nzito hadi nyepesi, kisha uivute rangi kwenye uhariri: yenye biti 8 itaanza kutoa mistari mahali pa mteremko laini. Ama 4:2:0 na 4:2:2, hizo ni hesabu za rangi inayobakizwa. Ya kwanza hubakiza robo ya taarifa za rangi, ya pili nusu. Jicho halilalamiki sana, lakini programu inayoondoa kitambaa cha kijani nyuma ya msemaji hulalamika, hasa ikifika kwenye nywele.

Hapa ndipo watu wanapoliwa fedha zao. Sony A7 III hutoa biti 8 kwenye HDMI. Ukiirekodi kwa ProRes, aina ya faili la video ya Apple inayoandikwa na rekoda nyingi, faili litajitangaza kuwa la biti 10, lakini ndani mna viwango vilevile 256. Umemimina kikombe cha maji kwenye ndoo. Ndoo ni kubwa, maji ni yaleyale. Sisemi hakuna faida kabisa. Mgandamizo wa ProRes ni mwepesi kuliko ule wa ndani ya kamera, kwa hiyo majani yanayotikiswa na upepo, au umati unaocheza, hautavurugika vipandevipande. Kompyuta nayo huhariri kwa raha. Lakini anayekuahidi kwamba rekoda itaipa kamera hiyo rangi ambazo haikuzitoa, anakuuzia hewa.

Upande wa pili wapo wenye kamera za miaka ya karibuni. Sony A7S III ya mwaka 2020 huandika biti 10 na 4:2:2 kwenye kadi yake yenyewe, na siku hizi si peke yake. Kwa kamera ya namna hiyo, sababu kubwa ya kununua rekoda imekufa. Zimebaki sababu ndogo, nazo si za kudharau: nakala ya pili endapo kadi itaharibika, tukio refu la saa nyingi, mhariri anayedai ProRes, au video ghafi, ile ambayo kamera haijaichakata. Kama hakuna hata moja inayokuhusu, nunua monita nzuri isiyorekodi, na kitakachobaki nunua taa.

Haya, washeni kamera. Ingieni kwenye menyu ya HDMI. Kuna mahali pa kuchagua ukubwa wa picha inayotoka, na kuna mahali pa kuonyesha au kuficha maandishi. Zima maandishi. Usipoyazima, alama ya betri na fremu ya fokasi vitarekodiwa juu ya uso wa bibi harusi, na hakuna mhariri atakayevifuta. Wengine mtaona kwamba mkichagua kutoa 4K nje, kamera inazima kioo chake cha nyuma au inakataa kurekodi ndani. Wewe uliyeinua mkono, yako imekataa? Basi jua kwamba kwako hakuna nakala ya pili: ukichagua kurekodi nje, unarekodi nje tu. Ni afadhali umelijua ukiwa umekaa hapa.

Sasa tuje kwenye kioo chenyewe. Hapa nitakawia, maana ndiyo sehemu utakayoitumia kila siku.

Kwanza neno "4K" kwenye boksi. Monita nyingi za inchi tano zinazotangazwa kuwa za 4K zina maana kwamba zinapokea mawimbi ya 4K. Kioo chenyewe ni cha nukta 1920 kwa 1080, pengine pungufu. Si kosa, kwa inchi tano 1920 kwa 1080 inatosha sana. Kosa ni kulipia nambari ambayo kioo hakina. Soma mstari unaotaja nukta za kioo, si ule unaotaja mawimbi.

Pili ni mng'ao, unaopimwa kwa niti. Juani niti 1000 ni mahali pa kuanzia. Atomos Ninja V, ya mwaka 2018, ina niti 1000. Blackmagic Video Assist ya 12G, iliyofuata mwaka mmoja baadaye, inafika 2500. (Kampuni zote mbili ni za jiji moja, Melbourne, Australia. Ushindani wa majirani una faida kwa wanunuzi.) Chini ya niti 1000 utahitaji kofia ya kivuli, na hata ukiwa nazo, kofia bado inasaidia, kwa kuwa adui mwenzake wa jua ni mwakisiko wa shati lako mwenyewe juu ya kioo.

Lakini niti hizo zina hila. Ukikipandisha kioo hadi mwisho, picha yenye giza itapendeza. Unafunga lenzi kidogo, bado inapendeza, unafunga tena. Jioni unafungua faili kwenye kompyuta na kila uso umezama. Kioo hakikudanganya, ulikiuliza swali lisilo lake. Mwanga haupimwi kwa kutazama picha, hupimwa kwa vipimo, na ubora wa monita kwangu mimi ni ubora wa vipimo vyake. Nataka grafu ya mwanga, ile inayopanda kutoka 0 hadi 100 na kuniambia upande gani wa fremu unaungua. Nataka mistari ya pundamilia, ile inayojichora juu ya sehemu zenye mwanga mwingi, ninayoweza kuipangia kiwango. Nataka rangi bandia.

Kuhusu rangi bandia naomba subira kidogo. Chombo hiki hupaka picha kwa viwango vya mwanga: kijani mara nyingi ni kijivu cha kati, waridi ni kiwango kilicho juu yake kidogo, nyekundu ni hatari ya kuungua. Mafunzo mengi husema weka uso kwenye waridi. Waridi hiyo ilipangwa kwa ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi hukaa chini ya hapo kwa asili yake, na ukiipandisha mpaka iguse waridi umeivua weusi wake, na shati jeupe lililo chini yake umeliunguza. Pima mwanga unaoangukia mahali pale, tumia kadi ya kijivu kama unayo, kisha uache ngozi ya mtu ikae inapokaa.

Wanaopiga picha ya logi, ile iliyofifia rangi, waangalie kama monita inapokea faili za LUT za aina ya cube. LUT hurudisha rangi za kawaida kwenye kioo ili mteja aliyesimama nyuma yako asiingiwe na hofu. Ila kwenye rekoda kuna kitufe kinachoamua kama LUT inabaki kwenye kioo au inaandikwa kwenye faili. Kihakikishe kila asubuhi. Ikishaandikwa, haitoki.

Fokasi nitaipita haraka: kingo zinazowaka rangi pale fokasi ilipokaa, na kukuza picha kwa mguso mmoja. Kama kukuza kunahitaji uingie kwenye menyu, achana na monita hiyo.

Kwa watakaochukua rekoda, hesabu ya diski. ProRes 422 HQ ya 3840 kwa 2160, fremu 25 kwa sekunde, hula megabiti 737 kwa sekunde, yaani takriban gigabaiti 330 kwa saa. Terabaiti moja ni saa tatu tu. Kamera inayorekodi ndani kwa megabiti 100 ingetumia gigabaiti 45 kwa saa hiyohiyo. Mkumbuke pia nakala: kila terabaiti ya kazini inadai nyingine ya akiba nyumbani. Wengi wangefaa kushuka hadi ProRes 422 ya kawaida, megabiti 492, au LT, 342. Sijawahi kuona mtazamaji wa mahojiano anayeitambua tofauti. Tena soma orodha ya diski zilizoidhinishwa na mtengenezaji. Diski ya kompyuta inaweza kuwa na kasi kubwa dakika ya kwanza na ikachoka dakika ya kumi, na rekoda haitamsubiri mchovu, itaruka fremu.

Video ghafi ina mgawanyiko wake. Rekoda za Atomos huandika ProRes RAW, iliyotolewa na Apple mwaka 2018. Video Assist za 12G huandika Blackmagic RAW. Kamera yako lazima itoe ghafi tunduni, tena ile ambayo rekoda hiyo inaitambua kwa jina, na programu yako ya uhariri lazima iifungue. Kwa miaka mingi programu ya uhariri ya DaVinci Resolve haikufungua ProRes RAW, na waliolijua hilo baada ya kurekodi walipata kazi ya ziada. Kwa hiyo uliza mhariri kwanza.

Waya. HDMI ndogo kabisa, ile ya micro, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika mfumo mzima. Inalegea, na ikigongwa inavunjia tundu ndani ya kamera. Weka kibano cha waya siku ileile unayonunua monita. SDI hufungwa kwa kuzungushwa, haichomoki, na inafika mbali kuliko HDMI. Mwenye kamera ya SDI achukue monita ya SDI bila kusita. Ila afuate utaratibu: unganisha umeme wa kamera na wa monita kwanza, waya wa SDI uwe wa mwisho. Wakati wa kufungua, SDI itoke kwanza. Ukigeuza utaratibu huo, umeme unaweza kutafuta njia yake kupitia waya wa picha na kuunguza bodi ya kamera.

Umeme wenyewe: betri ya NP-F970 ina wati-saa 47 hivi. Rekoda inayokula wati 20 itaimaliza kwa saa mbili na ushei, monita ya kawaida huishi zaidi. Betri za bei ya chini zenye nambari kubwa mno kwenye karatasi, msiziamini mpaka mzipime. Na betri ikiisha katikati ya kurekodi, faili linaweza lisifunguke.

Sauti nayo hupita ndani ya HDMI pamoja na picha. Ukichomeka maikrofoni kwenye rekoda badala ya kamera, picha hufika ikiwa imechelewa kidogo na midomo haitalingana na maneno. Tafuta mahali pa kuchelewesha sauti kwenye menyu, piga kofi moja mbele ya lenzi, urekebishe.

Kwa hiyo siku ya kununua nenda na kamera yako, waya wako na betri yako. Rekodi kwa nusu saa mfululizo, feni ikiunguruma, uisikilize kama inaingia kwenye maikrofoni. Chomoa diski, ifungue kwenye kompyuta unayohariria, vuta rangi. Muuzaji akikataa kukupa nusu saa hiyo, yupo mwingine. Sasa nipeni maswali, tuanze na ndugu yetu ambaye kamera yake imekataa kurekodi ndani.