Asili na Maana za Neno "Light" la Kiingereza

Waheshimiwa walimu, wafasiri wenzangu na wanafunzi,

Naomba nianze na daftari la mwanafunzi wangu mmoja wa somo la tafsiri. Alipewa sentensi ya Kiingereza iliyoeleza kwamba jioni ilinyesha "light rain", naye akaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, "mvua ya mwanga". Kosa hilo halikuwa la uvivu. Alikwisha kufundishwa kwamba "light" ni mwanga, na hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba hayo ni maneno mawili ya koo mbili mbalimbali, yaliyokutana njiani yakaishia kuwa na sauti moja na tahajia moja. Manyunyu yale aliyoyakosa ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo.

"Light" ya nuru iliandikwa "leoht" katika Kiingereza cha Kale, na wanaisimu huirudisha kwenye mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya uliokuwa na maana ya kung'aa. Mzizi huo una uzao mkubwa. Kilatini kilipata humo "lux", yaani nuru, na "luna", yaani mwezi; Kigiriki kikapata "leukos", yaani -eupe, neno ambalo madaktari walilitumia kuunda jina la lukemia, saratani inayozidisha chembe nyeupe za damu.

"Light" ya wepesi ina ukoo mwingine kabisa, na ndugu zake ni "levis" ya Kilatini na "laghu" ya Kisanskriti. Ndugu yake wa karibu zaidi, hata hivyo, yumo kifuani mwetu. Aliyewahi kupika utumbo na nyama za ndani za mbuzi anajua kwamba ini huzama chini ya sufuria, ilhali mapafu huelea, na ukiyakandamiza kwa mwiko hurudi juu mara tu unapouondoa. Wahenga wa wasemaji wa Kiingereza walikiita kiungo hicho kwa wepesi wake, na hiyo ndiyo asili ya "lung". Wauza nyama wa Uingereza nao wameyaita mapafu ya mnyama "lights" kwa karne nyingi. Ukoo huohuo ulizaa pia kitenzi cha kushuka kutoka juu ya farasi, kwa kuwa anayeshuka humpunguzia mnyama mzigo, na ndiyo maana abiria wa Uingereza anaposhuka kwenye basi husemwa "alights", ingawa hakuna farasi wala taa inayohusika.

Kijerumani kimeendelea kuyatenganisha maneno haya: "Licht" ni nuru na "leicht" ni -epesi. Kiingereza kiliyaacha yaungane. Zile herufi "gh", zinazowatesa watoto wetu katika imla, zamani zilitamkwa kwa sauti inayokaribia "kh" ya mtu wa pwani anapoitikia masalkheri. Waskoti wanaosema "licht" wanaitamka mpaka leo, lakini katika Kiingereza sanifu sauti ilitoweka, herufi zikabaki kama alama za nyayo. Waandishi wa karne ya 16 wakazichukua alama hizo na kuziweka hata zisikostahili: "delight", furaha, lilitokana na Kifaransa na liliandikwa "delite", mpaka likavishwa "gh" kwa kufananishwa na "light", ambalo halina undugu nalo wowote.

Tusidhani kwamba sisi hatuna jambo la namna hii. Tamkeni "mwanga umeingia dirishani", kisha tamkeni "mwanga ameingia dirishani". Katika sentensi ya kwanza kumekucha; katika ya pili, mwenye nyumba ana kila sababu ya kupiga kelele, kwa maana mchawi yumo ndani. Irabu moja ya upatanisho wa kisarufi imetutenganishia maneno hayo. Kiingereza hakina ngeli za kukifanyia kazi hiyo, kwa hiyo msomaji hana budi kulitazama neno jirani: "light meal", "light sleep" na "light rain" zote ni za ukoo wa wepesi, hata kama kwa Kiswahili tutasema chakula chepesi, usingizi wa mang'amung'amu na manyunyu.

Penye rangi ndipo ninapoona wafasiri wazoefu wakiteleza. "Light blue" mara nyingi huandikwa "buluu nyepesi", kana kwamba rangi inawekwa kwenye mizani. "Light" hiyo ni ya ukoo wa nuru. Tangu Kiingereza cha Kale neno hilo lilikuwa pia sifa ya kitu king'avu, na rangi iitwayo hivyo ni ile iliyosogea upande wa mwanga na kuondoka upande wa giza. Kiswahili kina njia yake ya kulisema hilo, inayopima mkolezo badala ya mwanga, kwa hiyo mimi huandika buluu isiyokolea.