Ukifunga Tiketi, Sema kwa Nini

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Nalirudia kwa sababu bado linaendelea katika miradi yetu ya programu huria: tiketi, yaani ripoti ya hitilafu iliyowekwa kwenye orodha ya mradi, inafungwa kimya kimya, aliyeripoti hitilafu haambiwi neno.

Chukueni tiketi namba 1 ya Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, aliifungua Agosti 2004, na hitilafu aliyoiandika ni kwamba Microsoft imeshika sehemu kubwa ya soko. Ikakaa wazi karibu miaka tisa, watu wakaijaza maoni. Tarehe 30 Mei 2013 akaifunga mwenyewe. Aliifungaje? Kwa maelezo: kwamba watu sasa wanatumia simu na tableti, Android imeenea, hali si ile ya 2004. Tena akakubali wazi kwamba mchango wa Ubuntu katika mabadiliko hayo ulikuwa mdogo. Wapo waliompinga. Walisema kwenye kompyuta za mezani Windows bado inatawala, na walisema kweli. Lakini waliweza kubishana naye kwa kuwa aliwapa hoja ya kubishania! Angebonyeza kitufe na kuondoka, wangebaki kukisia, na huko kukisia ndiko kunakozaa chuki miradini.

Najua yupo anayesema moyoni, "Sisi tunajitolea, tiketi ni mamia, muda huo nautoa wapi?" Sidai insha. Nadai sentensi moja: imerekebishwa katika toleo fulani. Au: hatutalifanya, halimo katika malengo ya mradi. Kukataa ni haki ya mtunza mradi, na tangu 2022 GitHub, tovuti ambako miradi mingi huhifadhi programu na tiketi zake, inakuruhusu kutenganisha tiketi iliyokamilika na ile isiyo kwenye mpango. Tumieni basi! Debian, mradi wa mfumo mwingine huria na wakongwe wa kazi hii, hufunga hitilafu kwa barua pepe: unaandika sababu, unaituma kwenye anwani ya hitilafu hiyo, na maelezo yako yanamfikia aliyeripoti.

Sasa roboti, yaani programu zinazofunga tiketi zenyewe, na hapa nakasirika kweli. Ile ya GitHub ya tiketi zilizolala, ukiiacha na mipangilio yake ya awali, husubiri siku 60 za ukimya, huonya, na siku 7 baadaye hufunga. Mtu ameeleza hatua kwa hatua jinsi hitilafu inavyotokea, ameambatisha kila kitu, hakuna aliyemjibu, halafu anafungiwa kwa kosa la ukimya. Aliyenyamaza ni nani hapo? Hitilafu haiponi kwa kuzeeka. Kama mlimwomba taarifa na hakujibu, hilo ni jambo jingine, roboti na ifunge.

Tiketi zinazojirudia, kwa haraka: wekeni kiungo cha ile mnayoibakiza, na kama mpya ina maelezo bora, ibakizeni hiyo. Akija mtu kusema hitilafu imerudi, msimfokee, ifungueni tena. La kufunga mijadala naliacha, muda umekwisha. Karibuni kwa maswali.