MRI haina mionzi jamani! Njooni niwaeleze hizi mashine mbili, hiyo na mzani wa molekuli

Habari zenu wapendwa, mko salama? Mimi ndo nimetoka maabara sasa hivi, hata koti sijavua. Nimewasha kamera hivi hivi sababu jana mama mdogo kanitumia ujumbe wa sauti, daktari kamwambia akapige MRI ya kichwa, yaani ile mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, na yeye anaogopa, ananiuliza mwanangu hiyo si ndo ile mionzi inaunguza ubongo? Nikamjibu, ila nikalala nawaza, wangapi wanakwepa kipimo kwa hofu hiyo hiyo.

Basi sikilizeni. CT skani, mashine nyingine ya kupiga picha ndani ya mwili, ndo inatumia mionzi ya eksirei, MRI haitumii kabisa, yenyewe ni sumaku na mawimbi ya redio. Zamani teknolojia hii iliitwa nyuklia magnetiki resonansi, na hiyo nyuklia maana yake kiini cha atomu tu, lakini mgonjwa akisikia nyuklia anawaza bomu, kwa hiyo hospitalini wakalitoa hilo neno. Maabara bado tunalitumia na hakuna anayeshtuka.

Mwili wako umejaa maji, maji yana haidrojeni, na kiini cha haidrojeni ni kama kisumaku kidogo sana. Ukiingia kwenye mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ambayo ni karibu mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia, vile visumaku vinaanza kuelemea upande mmoja, halafu mashine inarusha wimbi la redio la kama megahezi 64 inaviyumbisha, vikitulia vinarudisha wimbi lao na antena inalidaka. Sasa maji ya kwenye uvimbe hayatulii kwa mwendo sawa na maji ya kwenye nyama yenye afya, na hapo ndo picha inapotokea. Ile kelele ya ngo ngo ngo inayowatisha watu ni koili tu, yaani nyaya zilizozungushwa, zinatetemeka umeme ukipita na kukatika, hakuna kinachovunjika. Cha kuogopa pale ni chuma, sababu ile sumaku haizimwi, iko hai hata kama hakuna mgonjwa ndani. Kama una kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo, au uliwahi kuchomelea vyuma ukaingiwa na punje jichoni, sema kabla hujaingia, usione aibu.

Mashine ya pili ndo hii ninayoshinda nayo mimi, masi spektrometa. Mimi naiita mzani wa molekuli. Unachukua tone la damu, unazipa molekuli chaji ya umeme, unazirusha ndani ya bomba lisilo na hewa, nyepesi zinafika kwanza na nzito zinafika nyuma, na kwa muda uliotumika unajua uzito wa kila moja. Ziko za aina nyingi ila hiyo ya mbio ndo rahisi kuelewa. Kwenye nchi nyingi watoto wachanga wanachomwa kisigino, tone la damu linakaushwa kwenye karatasi, na mzani wa molekuli unakagua magonjwa mengi ya kurithi kwa mara moja, mtoto anaokolewa kabla hata dalili haijaanza.

Zamani shida ilikuwa protini, ni kubwa mno, ukijaribu kuzirusha zinakatika. Sasa pale Japani kuna mhandisi wa kampuni, Koichi Tanaka, hana hata PhD, miaka ya 80 akachanganya kimakosa gliserini na unga wa kobalti, akaona kuutupa ni hasara, akaujaribu, na molekuli kubwa zikaruka nzima! Mwaka 2002 akapewa Nobeli ya kemia pamoja na John Fenn aliyepata njia yake nyingine, na nusu ya tuzo ile ile ikaenda kwa Kurt Wüthrich aliyetumia magnetiki resonansi kuchora maumbo ya protini. Yaani mzani na sumaku vilipewa tuzo moja, na mimi nikifikiria hilo nafurahi mpaka leo.

Sababu hivi vitu vinahitajiana. Mzani unagundua hata kiasi kidogo mno ila sampuli ikiingia haitoki tena, na lazima uitoe mwilini kwanza. Sumaku haigusi kitu, ila usikivu wake mdogo. Angalia saratani ya ubongo inaitwa glioma. Mwaka 2008 watafiti waliona baadhi zina jeni ya IDH1 iliyobadilika, 2009 wengine wakaziweka seli kwenye mzani wakakuta zimejaa kemikali inaitwa 2HG, ambayo mtu mwenye afya anayo kidogo sana. Ilipofika 2012 wakaanza kuitafuta hiyo 2HG kwa mashine ya MRI ndani ya kichwa cha mgonjwa aliye hai, bila kupasua fuvu! Inawezekana sababu haidrojeni ya kila molekuli inaimba noti yake kidogo, kutegemea majirani zake. Uvimbe ukiwa mdogo noti inapotea, hapo bado tunahangaika. Na 2024 Marekani ikaidhinisha dawa ya vorasidenib inayozuia kimeng'enya cha IDH, kile kinachotokana na jeni iliyobadilika, kutengeneza 2HG, kwa glioma zinazokua polepole. Nyie, kutoka kupima uzito wa kemikali mpaka kidonge, miaka 15!

Kwa hiyo mama mdogo, najua utaiangalia hii, nenda kesho. Vua hereni, toa vibanio vya nywele, waombe vizibo vya masikio, ulale bila kutikisika, na wakikupa kile kitufe cha kuita kishike mkononi muda wote. Ukitoka tu nipigie, hata kama huku ni usiku.