Joto la Injini Chini ya Ardhi Linakwenda Wapi?

Mhadhara kwa wanafunzi wa madini na mafundi wa mitambo, Dodoma

Walimu wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mnaojiandaa kwenda migodini, habari za mchana. Wazee mliokaa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie injini zinazochemsha kwenye magari ya chini ya ardhi. Mara nyingi mada hii hufundishwa kama somo la rejeta, kile kipozeo cha maji ya injini: hii pampu ya maji, hii feni, hii thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata joto, tumemaliza. Leo nataka tuanzie nje ya gari, kwenye hewa, kwa sababu mafundi wengi wazuri wanamaliza stoo nzima ya vipuri wakitafuta ndani ya injini tatizo ambalo limekaa kwenye handaki.

Aliyewahi kusafiri kutoka Singida kwenda Igunga anaujua Mlima Sekenke. Lori lililosheheni likichemsha pale, dereva huegesha pembeni na kufungua boneti. Upepo wa mbuga ya Wembere unavuma, joto linapotea hewani, na baada ya muda anaongeza maji na kuondoka. Maeneo hayo hayo ya Sekenke ndiko Wajerumani walikochimba dhahabu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Sasa chukueni lori lile, liingizeni kwenye handaki lenye upana wa mita 5 na kimo cha mita 5, kisha muondoe upepo. Joto litakwenda wapi?

Tupige hesabu kidogo. Rampu, yaani barabara za mteremko za kushukia mgodini, nyingi huchongwa kwa mwinuko wa 1 kwa 7, kupanda mita 1 kwa kila mita 7. Lori ambalo pamoja na mzigo lina tani 70, likipanda rampu hiyo kwa kilomita 8 kwa saa, linahitaji zaidi ya kilowati 200 kwa ajili ya kuinua uzito peke yake. Ongeza ukinzani wa matairi barabarani, unakaribia kilowati 250 kwenye magurudumu. Injini ya dizeli hugeuza kama theluthi moja ya nishati ya mafuta kuwa kazi, ikiwa nzuri sana inafika asilimia 40. Kinachobaki ni joto. Sehemu inatoka na moshi, sehemu inabebwa na maji na oili hadi kwenye rejeta, na rejeta inaitupa nje. Nje maana yake ni ndani ya handaki lile lile. Kwa hiyo lori moja linamwaga mamia ya kilowati za joto mahali ambapo hakuna anga la kulipokea.

Handaki letu lina eneo la mita za mraba 25. Tukipitisha hewa mita za ujazo 50 kwa sekunde, ambayo si haba, hewa hiyo inakwenda mita 2 kwa sekunde. Kila kilowati 55 hivi za joto zinaipandisha hewa yote hiyo nyuzi 1 ya sentigredi. Angalieni sasa mwendo wa lori: kilomita 8 kwa saa ni mita 2.2 kwa sekunde. Kama hewa chafu inatolewa mgodini kwa kupitia rampu ile ile, ikipanda, basi lori na hewa vinapanda pamoja, karibu kwa mwendo mmoja. Opereta anasafiri ndani ya wingu lake mwenyewe. Feni inavuta hewa ambayo imekwishapita kwenye rejeta, inaipitisha tena, na tena. Hewa inayoingia ni ya moto zaidi kila dakika, na sindano ya kipimo cha joto inapanda bila kitu chochote kuharibika.

Niliwahi kuitwa kwenye mgodi mmoja ambako malori yalikuwa yanachemsha sehemu moja ya rampu, karibu kila shifti. Karakana ilikuwa imebadilisha pampu, thamostati na hata rejeta nzima. Kipimajoto cha kawaida kilichofungwa mbele ya rejeta ndicho kilichotoa jibu: hewa iliyokuwa inaingia ilikuwa imeshapashwa. Kazi ikahamia kwa mhandisi wa hewa, mlango mmoja wa kuongoza hewa ukarekebishwa, na malori yakapanda. Ndiyo maana nawasihi mafundi: kabla hujafungua boliti hata moja, pima joto la hewa inayoingia kwenye rejeta, palepale gari linapochemshia. Karakana haitakuonyesha tatizo hilo, kwa sababu karakana ina hewa nzuri.

Viwango vya hewa vipo. Australia Magharibi wanadai mita za ujazo 0.05 kwa sekunde kwa kila kilowati ya injini, na Ontario, Kanada, wanadai 0.06. Loda, ile mashine ya kuzoa mawe, ikiwa ya kilowati 250 inahitaji basi mita za ujazo 12.5 hadi 15 kwa sekunde. Lakini mfereji wa turubai unaopeleka hewa hadi kwenye uso wa kazi, pale mwamba unapochimbwa, ukiwa umechanika sehemu kadhaa, hewa uliyoilipia umeme inaishia njiani. Na kumbukeni kwamba hewa inavyoshuka inabanwa na uzito wake, inapata joto karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100 hata kabla haijakutana na mwamba wala mashine.

Tuje kwa opereta, hasa wa loda, na hapa nitakaa kidogo.

Loda ina konveta kati ya injini na gia. Konveta hupitisha nguvu kwa kutumia oili inayozungushwa. Opereta anapochomeka ndoo kwenye rundo la mawe na kukanyaga mafuta hadi mwisho, magurudumu yakagoma kwenda, nguvu ya injini inakwenda wapi? Haisogezi kitu. Karibu yote inageuka joto ndani ya oili ya konveta. Kilowati 200 zinazochemsha ndoo chache za oili! Oili hiyo inapozwa na kipozeo ambacho mara nyingi kimepangwa mbele ya rejeta, au kimeunganishwa na maji ya injini. Matokeo yake injini inaonyesha joto kali wakati mgonjwa ni konveta, na konveta inaumwa kwa sababu ya mguu wa opereta. Opereta hodari huingia kwenye rundo kwa gia ya kwanza, ananyanyua ndoo huku akisukuma, na akiona magurudumu yamekwama anaachia, anarudi nyuma, anaanza upya. Anajaza ndoo mapema kuliko yule anayesukuma kwa hasira, tena matairi yake yanadumu.

Kwenye rampu kosa linafanana na hilo. Opereta anang'ang'ania gia kubwa ili awahi, injini inazunguka polepole huku imeelemewa. Feni na pampu ya maji kwenye mashine nyingi huzungushwa na injini hiyo hiyo, kwa hiyo zimepunguza kazi wakati joto limezidi. Ashushe gia moja, injini izunguke vizuri, maji yatembee.

Wakati wa chai kijana mmoja ameniuliza kama ni kweli kwamba kwenye nchi ya joto thamostati haina kazi, maana gereji nyingi za mjini huing'oa na kuitupa. Swali lake ni zuri na jibu lake lina uzito. Thamostati huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90 hivi. Kwenye injini nyingi kubwa ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta kabisa. Gari likiwa tupu hutaona tatizo, tena utasema fundi amekusaidia. Likibeba mzigo kwenye rampu linachemsha kuliko mwanzo. Na likiwa halina mzigo injini inabaki baridi, mafuta hayaungui vizuri, moshi unaongezeka. Moshi wa dizeli uliwekwa rasmi kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani. Juu ardhini moshi huo unaondoka. Kule chini anauvuta mwenzako anayechoronga mita 200 mbele. Thamostati mbovu ibadilishwe kwa nyingine, isiachwe pengo.

Suala la maji sisi wa Dodoma tunalielewa kwa ulimi. Maji ya visima vyetu yana madini mengi. Sufuria ya kuchemshia chai inatuonyesha ule ukoko mweupe. Ukoko huohuo hujengeka kwenye kuta za silinda, mahali penye joto kali. Chuma cha injini kinapitisha joto mara 20 au zaidi kuliko ukoko wa chokaa. Tabaka nyembamba tu linatosha kuifanya hedi, kifuniko cha juu cha silinda, iungue huku sindano ikisoma vizuri, kwa sababu sindano inasoma maji, haisomi chuma. Wengi wanasema kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya nchi za theluji. Maji matupu kweli hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa kulanti, hilo sikatai. Lakini kulanti ina dawa inayozuia kutu na kuzilinda silinda dhidi ya viputo vidogo vinavyopasuka ukutani na kuutoboa. Changanya na maji yaliyoondolewa madini, kwa kipimo cha mtengenezaji, na pima nguvu ya dawa kila huduma.

Na mfuniko wa rejeta usidharauliwe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa presha ya bar 1 unakisogeza kiwango hicho hadi karibu 118. Raba yake ikikatika, umepoteza nyuzi zaidi ya 20 za usalama.

Usafi nitausema haraka. Rejeta ioshwe kila shifti kutoka upande hewa inakotokea ikishapita kwenye rejeta, kwa maji mengi ya presha ndogo. Presha kali inalaza mapezi na kuziba njia. Vumbi likichanganyika na oili inayovuja linakuwa tope linaloganda, kwa hiyo ziba kwanza uvujaji.

Nimalizie na sindano ikishapanda, kwa kuwa hapo maisha ya watu yanaingia. Kama kulanti ipo na injini imepata joto kwa kuelemewa, usiizime ghafla. Ondoa mzigo, weka gia huru, iache izunguke dakika chache ili maji na oili viendelee kupoza tabochaja, kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini. Kama taa ya kiwango cha kulanti imewaka, zima mara moja. Sensa ya joto isipozungukwa na maji inaweza kusoma chini huku hedi inapinda, kwa hiyo iamini taa kuliko sindano. Mfuniko usiufungue ungali wa moto. Maji yaliyo kwenye nyuzi 110 hugeuka mvuke papo hapo presha inapotoka, na yanababua uso na mikono.

Tabochaja iliyofanya kazi nzito hupita nyuzi 500. Mpira wa dizeli au wa haidroliki uliochakaa ukipasukia juu yake, unawaka. Kwenye migodi ya makaa ya mawe Marekani, mashine zinazofanya kazi maeneo yenye hatari ya gesi inayolipuka haziruhusiwi sehemu zake za nje kupita nyuzi 150. Kwenye dhahabu tunategemea vifuniko vya kukinga joto, na mara nyingi navikuta vimefunguliwa kwenye huduma na kuachwa sakafuni. Vikifunguliwa virudishwe kabla gari halijatoka karakana.

Moto ukitokea, opereta azime injini, abonyeze kitufe cha kuzimia moto, avae kifaa chake cha oksijeni na ajiondoe kuelekea hewa safi inakotoka. Kwenye redio aseme mahali alipo na moshi unaelekea upande gani, maana walio upande huo wana dakika chache za kufika kwenye chumba cha kujihifadhi.

Karibuni kwa maswali.