Maji ya Nyuzi 5: Kuzamia Upya Ziwa Huron

KAKA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi niko Kigoma, dada yangu yuko Ontario, Kanada, saa saba nyuma yetu. Dada, habari za asubuhi?

DADA: Nzuri kaka. Za jioni huko?

KAKA: Salama, ziwa limetulia tangu mchana. Sasa nieleze. Umezamia Nungwi, Zanzibar, miaka tisa, wageni wakiogopa kushuka wewe ndiye unayewashika mkono. Leo nasikia umerudi darasani.

DADA: Nimerudi, tena kwa hiari yangu. Nilipohamia huku nilidhani maji ni maji. Nikaenda Tobermory, mji mdogo kwenye ncha ya rasi ya Bruce, pale Ziwa Huron linapokutana na ghuba ya Georgian. Ilikuwa mwisho wa Mei. Kompyuta ya kuzamia, ile ninayoivaa mkononi kama saa, inasoma nyuzi 5. Nilizamisha uso tu, nikiwa bado nimeshika ngazi, nikahisi paji la uso linabanwa kama kwa koleo. Dakika mbili baadaye sisikii midomo. Regulata, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, nimeiuma kwa meno, lakini mdomo haujui kama ipo au imetoka.

KAKA: Sisi tunasema "samaki wa maji baridi" kwa maana ya maji yasiyo na chumvi, hata kama ziwa lenyewe ni nyuzi 25.

DADA: Basi haya ni maji baridi kwa maana zote mbili. Na ubaridi wenyewe hauhami. Maji ya ziwa yakifika nyuzi 4 ndipo yanapokuwa mazito kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo hayo ndiyo yanayokaa chini kabisa. Agosti watoto wanaogelea juu, wewe ukishuka mita kumi na kitu unakutana na mpaka. Unauona kwa macho: maji yanatetemeka kama hewa juu ya lami saa saba mchana. Ukiuvuka, umerudi Mei.

KAKA: Unavaa nini humo?

DADA: Suti kavu. Ndani nguo nzito za kuhifadhi joto, juu yake suti isiyopitisha maji, na shingoni na kwenye vifundo vya mikono kuna mpira mwembamba unaobana ngozi. Unaupaka poda, unakusanya vidole pamoja kama mtu anayevaa bangili za kioo, unaupitisha polepole. Ukiuvuta kwa kucha unachanika, na siku yako imekwisha kabla hujagusa maji. Siku ya kwanza kifundo cha kulia kilivuja, mkono wote ukaloa. Mwalimu akaniuliza, "Ulishika nini kwa nguvu?" Kumbe nilikuwa nimekamata kamba ya boya. Ukikaza ngumi, kano za kifundo zinainuka, kati yake panabaki kijifereji, maji yanapita hapo hapo. Siku hizi kamba naishika kwa ncha za vidole.

KAKA: Na hewa iliyomo ndani ya suti inakwenda wapi?

DADA: Hapo ndipo penye kazi. Ukishuka, shinikizo linaibana suti mpaka inakufinya, kwa hiyo unaongeza hewa kidogo kwa kitufe cha kifuani. Ukipanda, hewa hiyo inatanuka, lazima uitoe kwa vali ya begani kushoto. Sasa ukiinamisha kichwa, hewa yote inakimbilia miguuni. Unaanza kupaa miguu juu, na ile vali iko chini, haitoi kitu. Zoezi hilo tumelirudia kwenye mita 5 mpaka mwili ukalijua: jikunje, jiviringishe, piga mapezi, simama wima, inua kiwiko, toa hewa. Nikiwa kisiwani Mnemba, kule Zanzibar, sikuwahi kuwaza miguu yangu iko wapi.

KAKA: Na vile vyuma vya risasi vya kukuzamisha, je? Maji yasiyo na chumvi si unazama upesi?

DADA: Ndivyo hesabu inavyosema. Maji ya bahari ni mazito zaidi kwa karibu asilimia 2.5, kwa hiyo mtu ambaye yeye na vifaa vyake ni kilo 100 angepunguza kilo mbili na nusu akija ziwani. Lakini zile nguo za ndani zimejaa hewa! Nungwi nilikuwa nafunga kilo 5. Huku nafunga 14.

KAKA: Haya. Sasa ile siku. Ulinitumia ujumbe wa sauti, unatetemeka mpaka maneno yanakatika.

DADA: Ngoja niieleze taratibu, maana pengine kuna anayetusikiliza ambaye wiki ijayo anaingia maji kama haya. Hewa ndani ya mtungi imeshindiliwa kwa baa 200, yaani kama mara 200 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Regulata inaishusha mpaka kama baa 10 juu ya shinikizo la maji yanayokuzunguka. Hewa ikitanuka ghafla namna hiyo inapoa vibaya sana, chini ya sifuri. Maji ya bahari yanasubiri mpaka karibu nyuzi 2 chini ya sifuri ndiyo yagande. Ya ziwa yanaganda kwenye sifuri yenyewe. Kwa hiyo maji yaliyo karibu na springi ya regulata yanageuka barafu, vali inashindwa kufunga, hewa inamwagika. Na kadiri inavyomwagika ndivyo inavyozidi kupoza, barafu nayo inaongezeka.

KAKA: Haijifungi yenyewe?

DADA: Haijifungi. Mtungi mzima unaweza kwisha kwa dakika chache. Na kosa langu lilianza juu, gatini. Kulikuwa na upepo wa baridi, nikapumua kwenye regulata mara tatu nne kuijaribu, kama nilivyofanya Nungwi miaka yote. Pumzi ya mtu ina unyevu, unyevu ukabaki mle ndani. Tukafika mita 18. Nikabonyeza hewa ya suti, kitufe nimekikandamiza, na papo hapo navuta pumzi. Hewa nyingi kwa mkupuo mmoja. Ikaanza kunguruma. Povu usoni, sioni mbele, na hewa inayoingia ni baridi hadi meno yanauma.

KAKA: Ukafanyaje?

DADA: Nilimshika mkono mwenza wangu wa kuzamia. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi asubuhi ile, nchi kavu, mikono ina joto: nani anatoa nini, nani anafunga vali gani. Akanipa regulata yake ya akiba, akazunguka nyuma yangu akafunga mtungi wangu, tukapanda polepole, tukasimama dakika tatu kwenye mita 5. Kaka, kabla hajafika nilijaribu kuifunga ile vali mwenyewe. Mkono ulifika. Vidole vikakataa. Ndani ya glovu nene, baada ya dakika ishirini kwenye nyuzi 5, kidole gumba hakikuwa na nguvu hata ya kufungua soda.

KAKA: Pole sana, dada.

DADA: Nimeshapoa. Ila mazoea yote nimebadilisha. Sasa nina regulata mbili, kila moja na vali yake, na zimezibwa kwa ajili ya baridi, maji hayaigusi springi. Nazijaribu nyumbani penye joto. Nikifika ziwani, pumzi ya kwanza naivuta mdomo ukiwa tayari ndani ya maji. Kitufe nakigusa kidogo kidogo, na kamwe si wakati navuta pumzi. Na nikianza kusikia baridi ya kweli tunapanda, hata kama hewa ipo tele, kwa sababu mwili uliopoa unachelewa kutoa naitrojeni, ile gesi ya hewani inayoingia mwilini ukiwa chini na inayoweza kukudhuru ukipanda kabla haijatoka.

KAKA: Watu watauliza, yote hayo kwa ajili ya nini? Hakuna kasa huko, hakuna matumbawe.

DADA: Kwa ajili ya Sweepstakes. Ni skuna, meli ya matanga, ya milingoti miwili, iliundwa Burlington, Ontario, mwaka 1867. Mwaka 1885 iliumia karibu na kisiwa cha Cove, ikavutwa hadi bandari ya Big Tub, ikazama humo. Iko mita 6 tu, unaiona ukiwa juu ya boti. Na mbavu zake zimeshikana bado!

KAKA: Mbao za 1867?

DADA: Mbao zile zile. Unajua babu yetu alivyokuwa anachemsha shahamu, anachanganya na chokaa, anapaka tumbo la jahazi kila lilipopandishwa pwani. Bahari yetu ina mdudu anayetoboa mbao. Chombo usichokipaka, misimu michache tu kimekuwa sega la nyuki. Mdudu huyo maji ya ziwa hayawezi, na baridi nayo inazuia kuoza.

KAKA: Hata chuma kinanusurika maji yasiyo na chumvi. Liemba yetu hii, meli ya Ziwa Tanganyika, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikiitwa Graf von Götzen, mafundi wakapaka mashine grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kubeba abiria.

DADA: Ndiyo maana nililia siku ya kwanza, nakuambia kweli. Pale ni hifadhi, Fathom Five, ya taifa tangu 1987. Unajiandikisha kabla ya kuzamia, na hugusi kitu. Basi nilielea ubavuni mwa merikebu, sigusi, naangalia mshono kati ya mbao mbili. Mshono kama ule babu aliokuwa anaujaza kalafati, akigonga kwa nyundo, tok, tok, tok, sisi tumekaa mchangani tunamtazama. Kinachonitia hofu ni kome wa milia, walioingia na maji ya meli za ng'ambo miaka ya 1980. Sehemu nyingine za maziwa haya wamefunika merikebu nzima, huoni ubao.

KAKA: Jumamosi unarudi?

DADA: Narudi. Wenzangu walioshuka jana wanasema ni nyuzi 6. Chai ya tangawizi nitabeba chupa mbili, moja ya mwenza wangu.

KAKA: Ukitoka majini nipigie.

DADA: Nipe nusu saa, vidole viamke niweze kushika simu.