Jiwe la Uani Bado Lina Moto

Mwadila, ndugu zangu! Wakubwa wote, shikamooni. Leo siko Rotterdam. Niko Igogo, Mwanza, kwa mama, nimekaa juu ya jiwe letu la uani, saa moja ya jioni imepita kidogo. Huo upepo unaovuma kwenye maiki ni wa ziwani. Mnivumilie, leo siukati.

Wengi mnaniandikia niwaonyeshe raha za Ulaya. Nitawaonyesha, lakini leo naomba niwaonyeshe za kwenu. Nina miaka 6 Uholanzi, na kuna vitu hapa nilikuwa navikanyaga tu.

Jiwe hili, kwa mfano. Natamani simu ingeweza kuwafikishia joto lake. Jua limeshazama, lakini ukiweka kiganja ni kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Miamba yetu hii inakunywa jua kutwa nzima, usiku inalitoa taratibu. Tukiwa watoto tulilala chali hapahapa tukisubiri ugali, migongo inapata moto, tumbo linapata upepo. Kule Rotterdam mwezi wa kumi na moja, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, huwa naegemea kipasha joto cha ukutani nikilikumbuka jiwe hili. Jiwe, jamani!

Na yule mjusi wa kichwa cha waridi na mwili wa buluu, tuliyekuwa tunamrushia mawe? Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae. Jina la mji wetu limo ndani ya jina lake. Jana nilimtazama mmoja akiinua na kushusha kichwa pale ukutani mpaka chai ikapoa.

Sasa samaki. Asubuhi tulishuka mwaloni na mama. Mama hanunui kwa macho peke yake: anafunua shavu aone wekundu, anabonyeza mgongo kwa kidole gumba. Nyama ikirudi juu, anaanza kupatana bei. Ikibaki na shimo, anaaga kwa heshima na kuondoka. Tulipata sato wawili, mmoja mkia bado unapiga. Nyumbani aliwaparua magamba, akawachanja mbavuni, akawapaka chumvi na ndimu, halafu sufuriani: nyanya, kitunguu, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, maji kidogo. Basi. Hakuna kiungo kingine, na mchuzi ule nimeunywa kwa kikombe.

Niwaambie kitu. Mwaka wangu wa kwanza kule niliingia dukani, nikafungua friji la vyakula vilivyogandishwa, nikakuta pakiti imeandikwa victoriabaars. Nikaigeuza nyuma: Tanzania. Sangara wetu! Mnofu mweupe, hauna kichwa, hauna mfupa, hauna harufu. Nilisimama nimeshika ile pakiti mpaka vidole vikafa ganzi, machozi yananitoka. Niliinunua, nikaipika kama mama anavyopika, haikuwa ileile. Kichwa hakikuwepo, na utamu wa mchuzi uko kichwani.

Kutoka barabarani hadi hapa kuna ngazi 94, nimezihesabu. Nyingine za saruji, nyingine ni mawe tu yaliyopangwa. Uholanzi ni tambarare, kwa hiyo kila mwezi nalipa jimu nipande mashine ya ngazi, nimetazama ukuta. Hapa unapanda huku unaamkiwa. Mama Neema yuko mlangoni anachambua mchele, usiposimama atauliza una nini. Unasimama, unapumua, unageuka nyuma, ziwa lote liko miguuni pako. Mama ana miaka 67, alipanda na samaki wake mkononi bila kutua. Magoti yake hayo kayapata hapa hapa, kwenye ngazi hizi.

Ngoja kwanza, ngoja. Nageuza kamera. Mnaona kule kwenye maji, upande wa kushoto? Ile taa. Wiki hii mwezi haupo, kwa hiyo wavuvi wa dagaa wanaingia. Dagaa anafuata mwanga, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, watu wanapumzika. Enzi za babu zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola. Ya pili hiyo. Ya tatu. Ikifika saa tatu usiku utadhani kuna mji mwingine umeota juu ya ziwa.

Mama ananiita, ugali uko mezani. Naam, mama, nakuja! Simu naiacha hapa juu ya jiwe, inaendelea kurekodi. Hesabuni taa, mniandikie mmefika ngapi.