Ndugu wa Familia ya Stevens na Pikipiki za AJS

Ndugu wasikilizaji, herufi AJS, chapa ya pikipiki za Uingereza, zinatokana na jina la Albert John Stevens, mmoja wa ndugu wa familia hiyo, lakini kazi iliyozipa heshima ilikuwa ya familia nzima. Baba yao, Joe Stevens, alikuwa mhunzi huko Wednesfield, karibu na mji wa Wolverhampton, na wanawe walijifunza ufundi wa chuma chini ya mkono wake. Mwaka 1897, baada ya injini iliyoagizwa kutoka Marekani kutowaridhisha, waliunda injini yao wenyewe ya petroli. Harry ndiye aliyekuwa mbunifu mkuu miongoni mwao, na kwa maoni yangu hajapewa sifa anazostahili.

Kwa miaka kadhaa waliwauzia wengine injini, kisha mwaka 1909 wakaanzisha kampuni ya kuunda pikipiki kamili. Mwaka 1914, katika mashindano ya mbio za pikipiki ya Tourist Trophy kwenye Kisiwa cha Man, pikipiki zao zilishika nafasi ya kwanza na ya pili katika daraja la 350cc, yaani injini zenye ujazo wa sentimita za ujazo 350.

Naomba tulitazame kwa makini tukio la mwaka 1921. Howard Davies, akiendesha AJS ya 350cc, alishinda mbio za daraja la juu za Tourist Trophy, ambamo wapinzani wake walikuwa na injini za 500cc, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Siri kubwa ilikuwa katika injini: valvu, yaani milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi, zilikaa juu ya silinda, na chumba cha kuchomea mafuta kilikuwa na umbo la kuba, hivyo hewa iliingia na moshi ukatoka bila kizuizi kikubwa, na injini ndogo ikatoa nguvu iliyozidi kimo chake.

Baadaye familia ilitawanya nguvu zake katika redio, magari na mabasi, na naamini hapo ndipo ilipojidhoofisha, kwa kuwa mtaji ulihitajika kila upande wakati uchumi wa dunia ulipokuwa ukianguka. Mwaka 1931 kampuni ilifungwa. Wadai walilipwa haki yao yote, na jina la AJS likanunuliwa na familia ya Collier ya London, waliokuwa wakiunda pikipiki za Matchless.

Ndugu hao hawakukata tamaa. Walianza upya Wolverhampton kwa magari madogo ya mizigo yenye magurudumu matatu, na kuanzia mwaka 1934 hadi 1938 waliunda tena pikipiki, safari hii zikiitwa Stevens, kwa kuwa herufi AJS hazikuwa zao tena.